Nikola Tesla na Mashua Iliyotii Mawimbi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, historia ina visa vya watu walioonyeshwa jambo mbele ya macho yao, wakalitazama, wakalishangilia, na bado wasilitambue. Kisa kimoja kilitokea mjini New York mwaka wa 1898, katika maonyesho ya vifaa vya umeme yaliyofanyika kwenye ukumbi wa Madison Square Garden. Humo palitengenezwa bwawa la maji, na majini ikaelea mashua ndogo ya chuma, urefu wake ukizidi mita moja kwa kiasi kidogo. Kando ya bwawa alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, aliyevaa nadhifu. Kila alipogusa kifaa kilichokuwa mbele yake, mashua iligeuka, ikasimama, ikawasha taa zake au kuzizima. Hapakuwa na waya, kamba wala uzi kati yake na mashua.

Mtu huyo alikuwa Nikola Tesla. Jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya umeme unaowasha taa za majumbani. Ilhali siku hizi vijana wanapoinama juu ya meza kuunganisha kipokezi cha redio na kidhibiti cha droni, kazi wanayoifanya ni ile ile aliyoifanya Tesla ndani ya tumbo la mashua ile: kukiwezesha chombo kisikie amri kutoka mbali, na kuhakikisha kwamba kikishaisikia, kinaitii. Maisha ya mtu huyu yanafundisha kwamba kusikia ni jambo moja na kutii ni jingine, na kwamba uvumbuzi, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, huhitaji watu walio tayari kuupokea.

Kuzaliwa na Malezi

Tesla alizaliwa mwezi wa Julai mwaka wa 1856 katika kijiji cha Smiljan, eneo la Lika, lililokuwa wakati huo chini ya Milki ya Austria na ambalo leo limo nchini Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiothodoksi, na matarajio yake yote yalikuwa mwanawe afuate nyayo hizo. Mama yake, Đuka, hakuwahi kwenda shule, lakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya tenzi za kale za watu wake, na mikono yake ilikuwa hodari wa kubuni na kutengeneza vyombo vya matumizi ya nyumbani. Tesla hakuchoka kusema kwamba kipawa chake cha ubunifu alikirithi kwa mama.

Utoto wake haukukosa majonzi. Kaka yake mkubwa, Dane, aliyesifiwa kwa werevu, alifariki kutokana na ajali ya farasi, na kifo hicho kiliacha pengo ambalo mdogo mtu hakuweza kulijaza machoni pa wazazi. Alipohitimu masomo ya sekondari mjini Karlovac na kurejea nyumbani mwaka wa 1873, alishikwa na kipindupindu, akalala kitandani kwa miezi mingi huku akikata tamaa ya kuishi. Katika hali hiyo alimwomba baba yake ruhusa ya kusomea uhandisi badala ya ukasisi. Baba, akiona mwana wa pekee aliyebaki anamponyoka, akakubali. Kijana akapona.

Mwaka wa 1875 alijiunga na chuo cha ufundi cha Graz, nchini Austria. Hapo aliona mashine ya umeme iliyotoa cheche nyingi katika sehemu ya kugeuzia mkondo, akadai kwamba sehemu hiyo ingeweza kuondolewa kabisa. Profesa wake alimpinga mbele ya darasa zima na kulilinganisha wazo hilo na ndoto ya mashine inayojiendesha milele. Tesla alinyamaza, lakini hakulitupa wazo lake. Aliondoka Graz bila shahada, akapitia Prague, kisha akaajiriwa Budapest katika kazi ya simu. Huko, mwaka wa 1882, akitembea bustanini na rafiki yake, jibu lilimjia: ikiwa mikondo ya umeme inayopishana kwa wakati itapitishwa katika koili zilizozunguka duara, nguvu ya sumaku itazunguka yenyewe, nayo itaburuta ekseli ya mota bila cheche wala msuguano wa brashi.

Safari ya Marekani

Baada ya kufanya kazi Paris katika kampuni iliyotumia hataza za Thomas Edison, Tesla alivuka bahari na kuwasili New York mwaka wa 1884. Alifanya kazi katika kiwanda cha Edison kwa muda wa miezi sita hivi, kisha akaondoka kwa mgogoro wa malipo. Kampuni ya kwanza iliyoanzishwa kwa jina lake ilimtema mara tu wenye fedha walipopata walichokitaka. Majira ya baridi ya mwaka wa 1886 kuingia 1887 yalimkuta mhandisi huyo akichimba mitaro kwa ujira wa siku. Aliyejua lugha kadha wa kadha na hisabati za hali ya juu alishika sururu ili apate mkate.

Lakini baada ya dhiki faraja. Mwaka wa 1888 alitoa mhadhara kuhusu mota yake mbele ya wahandisi wa umeme wa Marekani, na punde si punde George Westinghouse akanunua haki za kuzitumia hataza zake. Maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka wa 1893 yaliangazwa kwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde, na mwishoni mwa mwaka wa 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mjini Buffalo. Umeme unaofika katika nyumba za Afrika Mashariki leo ni wa mkondo huo huo.

Fanaka hiyo haikumtuliza. Tangu Heinrich Hertz wa Ujerumani athibitishe kuwepo kwa mawimbi ya umeme angani katika miaka ya 1887 na 1888, wanasayansi wengi walikuwa wakitafuta namna ya kuyatumia kupeleka habari. Tesla naye aliingia uwanjani. Mwezi wa Machi mwaka wa 1895 maabara yake iliteketea kwa moto, na vifaa na maandishi ya miaka mingi vikageuka majivu. Alianza upya katika maabara nyingine, barabara ya East Houston, na humo ndimo mashua ilimozaliwa.

Tumbo la Mashua

Wengi wa wavumbuzi wa wakati huo walitaka mawimbi yapeleke maneno: nukta na vistari vya telegrafu. Tesla alitaka yapeleke matendo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ujumbe wa telegrafu hupokelewa na mtu mwenye masikio na akili, naye huamua la kufanya. Mashua haina masikio wala akili. Ili itii, sharti kila hatua kati ya kusikia na kutenda iundwe kwa mkono wa fundi.

Hatua ya kwanza ilikuwa sikio. Mwaka wa 1890 Édouard Branly wa Ufaransa alikuwa ameonyesha kwamba unga wa metali uliowekwa ndani ya kichupa huwa hauruhusu umeme kupita vyema, lakini wimbi la umeme likiufikia, chembechembe zake hushikamana na kufungua njia. Tesla alitumia kifaa cha jamii hiyo na kukiunganisha na fito iliyosimama juu ya mashua kama antena. Tatizo ni kwamba chembechembe zikishashikamana hubaki hivyo, na sikio lililosikia mara moja haliwezi kusikia mara ya pili. Alilitatua kwa kukifanya kichupa kipinduke chenyewe baada ya kila wimbi, ili unga uachane na kuwa tayari kupokea amri inayofuata.

Hatua ya pili ilikuwa kuikuza sauti. Umeme uliopita katika unga ule ulikuwa hafifu mno kuzungusha mota. Kwa hiyo Tesla hakuupeleka moja kwa moja kwenye mota. Aliupeleka kwenye swichi ya sumaku, nayo ikafungua njia kwa nguvu kubwa ya betri zilizobebwa na mashua yenyewe. Kwa njia hiyo wimbi lililotoka mbali halikuwa na kazi ya kusukuma chombo. Kazi yake ilikuwa kutoa idhini tu.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa kiini cha uvumbuzi. Kila swichi ile ilipofunga, sahani ya duara yenye vipande vya kupitishia umeme ilisogea hatua moja. Katika hatua moja mota ya usukani ilizunguka upande mmoja, katika inayofuata ikatulia, kisha ikazunguka upande wa pili, kisha ikatulia tena. Hivyo, kwa amri za aina moja tu, mwongozaji aliweza kuchagua miongoni mwa matendo mbalimbali, mradi akumbuke sahani ilipokuwa imesimama. Mota ya pili iliizungusha rafadha, na taa zikaonyesha kwa mbali kwamba amri imefika.

Watazamaji wa Madison Square Garden hawakuona lolote kati ya hayo, kwa kuwa yote yalifichwa chini ya sitaha. Waliona matokeo tu. Inasimuliwa kwamba wengine walisema ni uchawi, wengine kwamba Tesla anaiongoza mashua kwa nguvu za mawazo, na hata kwamba humo ndani amefichwa nyani aliyefunzwa. Tesla mwenyewe aliuchangamkia mzaha huo: aliwaalika watu waiulize mashua maswali ya hesabu, nayo ikajibu kwa kumetameta kwa taa idadi sahihi ya mara, huku yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza. Huenda mzaha huo ulimdhuru kuliko kumfaa. Aliyekuja kuona sayansi akaondoka akisimulia kiinimacho.

Hataza na Tumaini la Amani

Mnamo tarehe 8 Novemba 1898 serikali ya Marekani ilimpa Tesla hataza nambari 613,809 kwa njia na vifaa vya kuongoza kwa mbali vyombo vinavyosafiri. Aliandika mapana: si mashua pekee, bali chombo chochote chenye uwezo wa kwenda. Alitaja matumizi ya kupeleka barua na shehena na kufanya utafiti mahali pasipofikika. Lakini alitamka pia kwamba thamani kuu ya kazi hiyo ingeonekana vitani, na kwamba silaha inayoongozwa kwa uhakika kiasi hicho ingeyafanya mataifa yaogope kupigana, hatimaye amani ikatawala.

Hapo ndipo palipo na uzito wa maisha ya Tesla. Alikuwa mtu aliyechukia vita, na papo hapo alikuwa akiuza wazo lake kwa wanajeshi. Aliamini kwamba mashine zikipigana badala ya watu, damu haitamwagika. Katika insha ndefu aliyoichapisha mwaka wa 1900 alieleza zaidi: chombo kama mashua yake kina akili ya kuazima, yaani akili ya anayekiongoza kwa mbali, lakini siku moja vitaundwa vyombo vyenye akili yao wenyewe, vitakavyoamua pasipo kuongozwa na mtu. Hakujiuliza kwa kina ni nani angewajibika kwa maamuzi hayo.

Wakuu wa jeshi la majini hawakuvutiwa. Hataza ilimaliza muda wake mwaka wa 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, bila kumletea mwenyewe faida ya maana. Miaka miwili baadaye Waingereza walikuwa wakijaribu ndege isiyo na rubani iliyoongozwa kwa redio, kazi ya Archibald Low. Katika miaka ya 1930 walitumia ndege za kulengwa shabaha zilizoitwa Queen Bee, yaani Malkia wa Nyuki, na wengi huamini kwamba jina la droni, lenye maana ya nyuki dume, lilitokana na hizo.

Sauti Nyingi Hewani

Tesla alikuwa wa kwanza kukiri udhaifu wa mashua yake. Sahani ile ilisogea kwa wimbi lolote, liwe la rafiki, la adui au la radi. Wimbi moja la bahati mbaya lingetosha kuvuruga mpangilio wote, na amri ya kwenda kushoto ikawa ya kwenda kulia. Chombo kinachomtii kila anayekiita hakina bwana.

Dawa aliyoibuni ilifanana na kufuli inayohitaji funguo mbili kwa pamoja. Katika hataza alizopata mwaka wa 1903, mtambo wa kurusha mawimbi ulitoa mawimbi ya masafa mawili au zaidi yaliyo tofauti, na kipokezi kilitenda pale tu kilipoyapata yote. Wimbi moja peke yake, hata likiwa na nguvu, halikufua dafu. Wazo hilo la kukipa chombo njia ya kumtambua bwana wake ndilo msingi wa usalama wa amri za redio hadi leo, ingawa mbinu zake zimebadilika sana.

Mnara Uliobomolewa

Baada ya majaribio makubwa ya umeme huko Colorado Springs mwaka wa 1899, Tesla alirejea New York na mpango mkubwa zaidi. Kwa dola 150,000 za tajiri J. P. Morgan, alianza mwaka wa 1901 kujenga mnara wa zaidi ya mita 50 mahali palipoitwa Wardenclyffe, katika kisiwa cha Long Island, ili kupeleka habari ng'ambo ya bahari na hatimaye nguvu za umeme bila waya. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Guglielmo Marconi alitangaza kupokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo ya gharama ndogo zaidi. Morgan alikataa kuongeza fedha. Kazi ilisimama, madeni yakarundikana, na mnara ukabomolewa mwaka wa 1917. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wahandisi wa Marekani walimtunuku Tesla nishani, nayo ilikuwa imepewa jina la Edison.

Marconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1909. Tesla hakuipata kamwe.

Miaka ya Mwisho

Hakuoa wala hakuacha mtoto. Aliishi katika hoteli, akihama kutoka moja hadi nyingine kila deni lilipozidi. Aliwapenda njiwa wa mjini, akawalisha bustanini na kuwauguza walioumia chumbani mwake. Mwaka wa 1937 aligongwa na teksi, na afya yake haikurudi kuwa ilivyokuwa. Mnamo tarehe 7 Januari 1943 alifariki peke yake katika chumba cha ghorofa ya 33 ya Hoteli New Yorker, akiwa na umri wa miaka 86. Mali yake ilichukuliwa na idara ya serikali iliyoshughulikia mali za wageni, ingawa alikuwa raia wa Marekani tangu mwaka wa 1891. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu za hataza muhimu ya Marconi kwa kuwa wengine, Tesla akiwamo, walikuwa wametangulia. Mwenye kufurahia hukumu hiyo alikuwa amekwisha kufariki.

Vitu vyake vilipelekwa Belgrade, yalipo makumbusho yenye jina lake. Mwaka wa 1960 jina la tesla lilifanywa kipimo cha kimataifa cha nguvu ya sumaku.

Hitimisho

Droni ndogo ya siku hizi imebeba urithi wa Tesla mara mbili. Mota zake huwa na nyaya tatu kila moja, na mikondo inayopishana katika nyaya hizo huzungusha nguvu ya sumaku jinsi ilivyomjia bustanini Budapest. Kipokezi chake cha redio nacho kinafanya kazi ya kichupa cha unga wa metali. Aghalabu kipokezi hicho huunganishwa na kidhibiti kwa nyaya chache tu: moja ya umeme, moja ya ardhi, na moja ya ishara. Waya wa ishara hutoka mahali kipokezi kinapotumia kusema na kuingia mahali kidhibiti kinapotumia kusikia. Ukiwekwa kinywa kwa kinywa, chombo huwa kiziwi. Kipokezi hufungamanishwa na mtambo mmoja wa amri ili kisiwatii wengine, na hupangiwa la kufanya amri zikikatika ghafla. Fundi mwenye busara huondoa rafadha kabla ya kujaribu, kwa maana chombo kilichosikia vibaya chaweza kumkata vidole.

Hayo yote ni maswali aliyokutana nayo Tesla mwaka wa 1898: chombo kitasikiaje, kitamtii nani, na kitafanya nini sauti ya bwana wake ikipotea. Mawili ya kwanza aliyajibu kwa mikono yake. La tatu limebaki, na leo halihusu waya pekee. Droni hupeleka damu na dawa katika hospitali za vijijini nchini Rwanda, ambako huduma hiyo ilianza mwaka wa 2016, na droni huangusha mabomu juu ya miji. Amani aliyoitumainia haikuletwa na silaha zinazoongozwa kwa mbali. Mashua ile ilitii kila ilipoamriwa, lakini haikuwahi kujua iwapo amri ilikuwa njema. Jambo hilo Tesla alimwachia aliyeshika kitufe, na huyo ndiye ambaye hadi leo hajapata wa kumsamehe jukumu lake.